Mtungi Usiotoka Jasho

Nikutegee kitendawili. Usikimbilie jibu, kaa nalo mdomoni kama kipande cha muwa. Ana tumbo lakini hana utumbo. Kutwa amekaa, hajainua hata kidole, na bado jasho linamtoka. Siku jasho likimkauka, hafi yeye, anakufa jirani.

Nani huyo?

Umeshindwa, basi nipe mji. Haya, nimeupokea, nimeingia nimetandikiwa mkeka, nimekuta na huko kwenu maji yanafungiwa kwa kufuli kama kwetu. Jibu ni mtungi. Sikulaumu, hujawahi kuuona. Mitungi ilipigwa marufuku mimi nikiwa darasa la tatu, maana mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho lile ni maji, na maji yakishakwenda hewani hayarudi kwenye kadi ya mgao ya mtu. Walipita nyumba kwa nyumba na nyundo. Bibi yangu aliuvunja wake mwenyewe kabla hawajafika, hakutaka mkono wa mgeni uuguse.

Huu ninaokusimulia ulikuja miaka mingi baada ya hapo, ukakaa nyumbani kwangu, Mlowa Kavu, siku kumi na moja.

*

Fundi Kusenha alifika saa saba mchana kwa makusudi, kwa sababu ndiyo saa ambayo mgonjwa wake alikuwa akizidiwa. Mgonjwa alikuwa kompyuta ya mezani, kasha jeusi la ukubwa wa debe, ubavu mmoja kioo. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya kitongoji kizima, ila waliniletea mimi kwa kuwa nyumba yangu ndiyo tembe la mwisho lililobaki, kuta za udongo nene na paa la udongo juu. Nyumba za bati saa hiyo zilikuwa tanuri.

"Mbukwa, mama Seche."

"Mbukwa, Fundi. Ingia, uache joto nje."

"Siku hizi halikubali kuachwa. Linaingia na mgeni."

Kwenye mkeka alikuwa ameshakaa Mzee Mnyamagola, mwenzangu wa vitendawili. Alikuja kila mchana akidai kunijulia hali, na wote tulijua anafuata kibaridi cha ukuta wangu.

"Huyu ndiye daktari wa feni?" aliuliza. "Mbona hana hata sindano."

"Sindano ninayo, babu. Naogopa nikikuchoma utavuja vitendawili."

Kusenha akafungua ule ubavu wa kioo, akachuchumaa. Feni tatu zilikuwa zinalia kama nyuki waliochokozwa.

Kazi ya kompyuta ile ilikuwa moja, kusikiliza mioyo kumi na minne. Miaka ya joto iliwaachia watu mioyo inayosahau mwendo. Inapiga vizuri, inapiga, halafu inatetemeka tu kama jani, na mtu anaanguka. Madaktari waliwashonea uzi chini ya mtulinga, mwembamba kama unywele wa hindi. Uzi ulijua kuupiga moyo shoti ukaamka, lakini haukujua lini. Kila mara uliuliza kompyuta: nipige, nisipige? Jibu lilirudi kabla hujapepesa jicho. Likichelewa, uzi ulikaa kimya, maana shoti kwenye moyo mzima inaua vilevile.

Mnyamagola alikuwa na uzi. Binti yangu Sechelela alikuwa nao. Huyo ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na minne, na mwaka ule moyo wake ulikuwa umeshasahau mwendo mara tatu.

"Anajipunguza kasi mwenyewe," Kusenha alisema. "Ubongo wake ukifika digrii tisini na tano, anaacha kukimbia, anatembea, ili asiungue. Jana mchana jibu moja lilichukua sekunde nne."

"Sekunde nne ni nyingi?"

"Kwa moyo mmoja si nyingi sana. Lakini wakiuliza watatu kwa pamoja, wa tatu anasubiri kumi na mbili. Na mwezi wa kumi na moja bado haujafika."

"Sasa dawa yake?"

"Ziko mbili. Ya kwanza, kumpunguzia mzigo. Kwa feni hizi anaweza kuwabeba watu kumi na wawili mchana wote bila kuchoka. Wawili tunawaondoa."

Mnyamagola alikuwa anakuna goti. Akaacha.

"Na ya pili?" niliuliza.

"Maji." Akanionyesha kwa kidole, bila kugusa. "Hapa juu ya ubongo ninakaza kipande cha shaba chenye njia ndani. Maji yanapita, yanabeba joto, yanatoka kwa mpira huu, pampu inayasukuma, yanarudi. Kila kitu nakata na kuunga mwenyewe kwa vipimo vya kasha hili, hakuna kinachouzwa tayari. Ila, mama Seche, maji hayaui joto. Ni mpagazi tu. Swali ni anautua wapi mzigo."

"Anautua wapi?"

"Mjini wanautua kwenye rejeta, kama ya gari. Feni inaipuliza, joto linakwenda. Lakini feni inapuliza hewa ya chumba, na chumba hiki, pamoja na ubaridi wake wote, kina digrii arobaini na moja. Rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa inayoipuliza. Tutapunguza digrii sita, saba. Tunahitaji kumi na tano."

"Gunia bichi," alisema Mnyamagola. "Lifunike hiyo rejeta kwa gunia bichi."

"Nimelipigia hesabu, babu. Gunia linakunywa lita ishirini kwa siku. Utazitoa wapi?"

"Na maji yenyewe yakivuja humo ndani?" niliuliza mimi.

"Ndiyo ubaya wake. Feni ikitaka kufa inapiga kelele siku tatu, unanipigia simu, nakuja. Maji hayapigi kelele. Yakidondoka juu ya bodi, wote kumi na wanne wanabaki bila mlinzi kwa wakati mmoja." Akajifuta uso. "Mtu wa mjini akiniuliza kama kompyuta yake inastahili maji, namwambia nunua feni kubwa, hayo mengine ni mapambo ya vijana, mipira yenye taa za rangi. Hapa kwenu sijui niseme nini."

Nami mdomo wangu haujui kukaa bure. Nikawatupia kile kitendawili nilichokutegea wewe, lakini bila ule mwisho wake mbaya, kwa sababu wakati huo haukuwepo. Bibi yangu ndiye aliyenipa. Mnyamagola akajibu hapo hapo, kwa kuringa, na Kusenha akabaki ameduwaa na bisibisi mkononi.

"Mtungi," alirudia polepole. "Maji ya mtungi yanashuka mpaka digrii ngapi?"

"Sikuwa na kipimajoto, nilikuwa mtoto. Meno yalikuwa yanauma."

Akakaa chini kabisa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la sakafu yangu. Bomba la shaba la kuzungusha, mita tisa, lizame ndani ya mtungi. Mpagazi autue mzigo humo. Mtungi utoke jasho, jasho lichukue joto. Akaandika 6.

"Lita sita kwa siku," alisema. "Ndizo zitakazopotea. Ni maji ya watu wawili."

*

Mkutano ulikaa Jumapili asubuhi kwenye baraza la shule, kabla jua halijakasirika. Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikuwa Ndahani, mwanamke mrefu aliyevaa ufunguo wa bomba shingoni hata kanisani. Alimsikiliza Kusenha mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipe kwa kifupi, Fundi. Inafaa au haifai?"

"Inafaa kwa watu wawili, Mwenyekiti. Kumi na wawili feni inawatosha. Pampu, mipira, hatari ya kuvuja, na mtungi wenye kesi, vyote hivyo ni kwa ajili ya wawili wa mwisho."

"Wawili gani?"

"Mashine haina wa mwisho. Hao mtawachagua ninyi."

Watu wakatazama miguu yao. Sechelela alikuwa amekaa na walimu wenzake, mikono mapajani. Mimi sikumtazama, na sidhani kama kuna mtu ambaye hakuona kwamba simtazami.

Tulikuwa watu mia na ishirini. Lita sita zikigawanywa, kila kichwa kingetoa kikombe kidogo cha kahawa kila asubuhi. Aliyesimama kupinga ni Lungwa, mtengeneza baiskeli.

"Kwangu tuko saba," alisema. "Hakuna hata mmoja mwenye uzi. Vikombe saba kila siku nivimwage kwenye chungu kinachovuja, ili kompyuta isisikie joto. Mwanangu wa mwisho midomo imepasuka. Niambieni, yeye akisikia joto nimpeleke kwa fundi gani?"

Hakuna aliyemcheka.

"Wanaotaka mtungi ni wenye nyuzi," Lungwa aliendelea.

"Na wasioutaka ni wasio nazo," Mnyamagola akajibu bila kusimama. "Mizani imekaa sawa, tuendelee."

Hapo ndipo Mbeleje aliposimama. Huyu ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, rika langu, mwanamke wa maneno machache. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na mikono haikusahau. Mumewe Chedego, aliyekuwa kibarua wa kujenga barabara, alikuwa na uzi, na sikio lake moja lilikuwa halisikii.

"Udongo najua ulipo," alisema Mbeleje. "Nitaufinyanga. Sitaki malipo."

Lungwa hakuketi. "Sawa. Basi na mimi nitoe neno langu. Tukitoa maji ya watoto, kitu kile kiogopwe. Nyumba yoyote itakayokiharibu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, ianze yenyewe kuumia. Kama ina mwenye uzi, uzi wake uondolewe kwanza. Kama haina, itoe kadi ya maji mwezi mzima."

"Kwa bahati mbaya pia?" aliuliza Ndahani.

"Mwanangu akifa kiu atakuwa amekufa kwa kusudi?"

Ndahani akataka mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

*

Mbeleje aliukausha udongo majuma matatu kivulini, akauchoma kwa mavi ya ng'ombe, akauleta amejitwisha mwenyewe. Mtungi ulikuwa mwekundu, tumbo pana, shingo fupi, umejaa alama za vidole vyake. Kusenha aliutumbukizia lile bomba la shaba. Ndani ya bomba alitia maji ya betri, yasiyo na chumvi, maana maji yetu ya bonde yangeziba njia zake kwa wiki mbili. Ndani ya mtungi tukamwaga yale ya vikombe.

Saa saba mchana tulikuwa watu ishirini chumbani. Namba ya joto kwenye kioo cha kusomea ilipanda themanini, themanini na moja, ikasimama. Feni zilikuwa hazisikiki. Nje ya mtungi matone madogo yalianza kuota, kama kwenye pua ya mtu anayekula pilipili.

"Sabini na nane," Kusenha alisema. Akaondoa miwani, akaivaa tena. "Imeshuka."

Mnyamagola akaweka kiganja kwenye tumbo la mtungi, akajipaka ule unyevu shingoni. Lungwa akamwambia hayo ni maji ya watoto, na mzee akasema basi leo amekuwa mtoto.

Siku tisa tulikaa hivyo. Siku ya tano moyo wa Sechelela ulisahau mwendo akiwa ubaoni, mbele ya darasa. Uzi uliuliza, kompyuta ikajibu papo hapo, mwanangu akayumba, akashika meza, akamalizia hesabu ya sehemu. Nilipoambiwa nilikwenda kukaa karibu na mtungi nikalia peke yangu.

Sasa nikueleze nilichofanya, na sitakizungusha.

Kwetu kitu kilichokutendea wema hupakwa mafuta. Mtoto mchanga hupakwa, bibi harusi hupakwa, kigoda cha baba hupakwa. Nilikumbuka bibi yangu amekaa mlangoni na chupa ya mafuta ya nyonyo, akisugua kitu cha mviringo mapajani mpaka kinang'aa, huku akikiimbia. Jumanne asubuhi, Sechelela alipokwenda shule, nilichukua mafuta yake ya nywele, ya nyonyo vilevile, nikaupaka mtungi kuanzia shingo hadi kitako. Nikauimbia. Ukang'aa kama shavu la mtu.

Alichokuwa akipaka bibi yangu kilikuwa kibuyu. Kibuyu hupakwa kisipasuke. Mtungi haupakwi, maana matundu yake ndiyo pua zake. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu walipopita na nyundo, na vitu viwili vya mviringo vilichanganyika kichwani mwangu vikawa kimoja.

*

Jumatano palikuwa na wingu, hatukuona kitu. Alhamisi jua lilitoka na hasira zote.

Mnyamagola alikuja kama kawaida, akakaa mkekani, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta.

"Nikutege?"

"Tega."

"Nyumba yangu ina..." Akakohoa. "Ngoja, hiki nimekitunza, nisikiharibu."

Feni zikaanza kulia. Nikageuka kutazama kioo, kikasema tisini na sita. Chini yake kuna orodha ya namba za watu, zote kijani siku zote. Namba mbili ilikuwa imegeuka njano, na pembeni yake neno: SUBIRI. Namba mbili alikuwa nani nilijua. Nilipomgeukia alikuwa ameegemea ukuta wangu, macho wazi, mdomo bado umeshika lile neno.

Nilimlaza, nikamkandamiza kifua kama tulivyofundishwa. Nilihesabu kwa sauti. Neno lilikuwa bado pale kwenye kioo, hatua mbili. Subiri. Nikafika arobaini. Namba mbili ikageuka kijani, uzi ukapiga, mwili wake ukaruka chini ya mikono yangu, na moyo haukuitika. Ukapiga tena. Nikaendelea kumkandamiza mpaka Mbeleje akaja kunitoa juu yake.

*

Kusenha alifika Ijumaa asubuhi, tukiwa bado na vumbi la makaburini miguuni. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akauwekea kiganja.

"Mkavu," alisema. "Na una joto. Mtungi hautoki jasho."

Ndahani, Lungwa, Chedego na mkewe walikuwa wamesimama mlangoni. Sechelela alikuwa nyuma yangu.

"Udongo mbaya," Lungwa alisema.

"Udongo ule ule ulitoka jasho siku tisa," alijibu Mbeleje. "Wewe mwenyewe uliutazama ukauhesabia matone."

Kusenha akainama, akaweka pua kwenye shingo ya mtungi. Akasugua kidole, akakinusa, akamnyooshea Ndahani naye anuse.

"Mafuta ya nyonyo. Yameziba kila tundu." Akasimama wima. "Nani aliupaka mtungi huu?"

Ulimi wangu ulikuwa mdomoni, mahali pake pa siku zote, nao haukuinuka. Hakuna aliyenitazama mimi; nani angedhani mama ataharibu kinachomlinda mwanawe?

"Wafinyanzi hupaka vyungu ving'ae," alisema Lungwa. "Na Jumatatu nilimwona Mbeleje akiingia humu."

"Niliingia kuutazama ufa."

"Na kitambaa mkononi."

"Nilikuwa na kitambaa kichwani, Lungwa. Kama sasa."

"Nyonyo iko kila nyumba," Ndahani alisema. "Fundi, mtungi unaponyeka?"

"Tujaribu kuuchoma tena, mafuta yaungue."

Mbeleje aliuchoma mchana ule ule. Ulipasuka vipande vitatu, na sauti yake tuliisikia mpaka shuleni.

Kusenha akatueleza pale pale, kwenye majivu. Mtungi mpya ni majuma matano, kutoka udongo hadi kuiva. Tumebaki na mioyo kumi na mitatu, na feni zinabeba kumi na miwili. Mmoja lazima aondoke kwa majuma matano, na hayo ndiyo majuma ya joto kuliko yote.

"Tupokezane," alisema mwalimu mmoja. "Leo huyu, kesho yule."

"Kila moyo ukirudishwa, kompyuta hujifunza mwendo wake upya siku tatu, na siku hizo tatu inaweza kupiga shoti pasipostahili. Mkipokezana mtaua wengi zaidi."

"Basi ni sheria yetu," Ndahani alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nyumba iliyoharibu. Kesho asubuhi barazani. Aliyepaka ana usiku mzima wa kufikiri. Asipojitokeza, nitakwenda na kinachoonekana." Hakuwatazama Mbeleje na Chedego, lakini watu wote waliwatazama kwa niaba yake.

*

Jioni Sechelela alisahihisha madaftari. Niliweka uji, hakuugusa. Chupa yake ya mafuta ilikuwa dirishani, imebaki robo, na Jumatatu ilikuwa imejaa.

"Yaya," aliniita, yaani mama, kama alivyoniita tangu mdogo. "Una la kuniambia?"

"Sina."

Akaweka alama ya vema. Akafungua daftari jingine.

"Mzee Chedego alinifundisha kuendesha baiskeli," alisema. "Unakumbuka? Alikuwa anashika kiti, anakimbia nyuma, ananiambia sijakuachia, kumbe ameshaniachia zamani."

"Chedego ana miaka sabini na minne," nilisema. "Amekula chumvi ya kutosha."

Kalamu yake ilisimama. Nilitamani kulirudisha neno lile, lakini lilikuwa limeshatua mezani kati yetu, na lilikuwa limesema kila kitu. Mimi nilikuwa nimefanya hesabu mchana kutwa, mimi wa darasa la saba. Moyo wa Chedego ulisahau mwendo mara moja mwaka mzima. Wa mwanangu mara nne. Yeye majuma matano angeweza kuyavuka, nilijiambia, huyu hayavuki. Hesabu ilitoka sawa kila nilipoirudia. Ilitoka sawa kwa sababu nilikuwa nimeiacha nje namba moja, kwamba mkono ulikuwa wangu.

"Kula," nilimwambia.

"Nitakula."

Akarudi kwenye madaftari.

*

Asubuhi baraza lilijaa. Kusenha aliweka mashine yake ndogo mezani, ile ya kuzungumza na kompyuta kwa mbali. Kumwondoa mtu kulikuwa kubonyeza mara mbili tu, wala hakukuhitaji mtu mwenyewe awepo, lakini Chedego alikuwa amekuja amevaa shati la Krismasi. Alidhani atakatwa kitu, akafungua vifungo viwili vya juu. Mbeleje akavifunga. Akavifungua tena.

"Huyu hasikii vizuri," Mbeleje alisema. "Naomba mtu asimame upande wa kulia amweleze, asidhani ni mimi niliyekubali. Sikuupaka mtungi wangu mafuta. Mama yangu angenikata mkono. Nimemaliza."

"Anayelijua jingine?" aliuliza Ndahani.



Lungwa alikuwa ameinamisha kichwa. Nadhani sheria ile ilikuwa imeanza kumkwama kooni hata yeye. Kichanga kimoja kililia, mama yake akakitoa nje.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Kusenha. Hakuwa anatazama upande wa Mbeleje. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyetu, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta waya uliolegea. "Nani aliupaka mtungi?"

Nilisimama. Nataka ujue hilo, nilisimama. Magoti yalininyanyua yenyewe, watu wakanigeukia, na Mbeleje, jirani yangu wa miaka arobaini, akanitazama kwa matumaini, akidhani nimesimama kumtetea. Nikafungua mdomo. Mbele yangu nilimwona Chedego na shati lake wazi, na kando yake nikamwona mwanangu ameshika meza ya darasa, anayumba. Vitendawili elfu nimevitega na kuvijibu katika maisha yangu. Hiki kilikuwa na jibu la neno moja, na neno lenyewe ni mimi, na mdomo ukabaki wazi hadi mate yakanikauka.

"Mama Seche?" alisema Ndahani. "Una neno?"

Nikatikisa kichwa. Nikakaa.

Kusenha akaisogeza ile mashine, akainua kidole.

"Fundi, ngoja." Ilikuwa sauti ya darasani, ile isiyopandishwa kwa sababu haina haja. Sechelela alikuwa amesimama katikati ya walimu wenzake, mkono mmoja kwenye bega la Chedego, anamfunga kifungo cha juu. "Ni nyumba yetu. Ondoa jina langu."